Robert Koch: daktari aliyetafuta ugonjwa ndani ya tone la damu, Dar es Salaam

Ukishuka kwenye pantoni pale Magogoni ukitokea Kigamboni, ukaliacha soko la samaki la Feri nyuma yako na kufuata barabara ya ufukweni, bahari inakuwa mkono wa kulia na Ikulu mkono wa kushoto. Mbele kidogo lipo jengo la kale lenye vijinara ambalo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wasikilizaji wetu wengi wa mikoani wamewahi kufika pale na mgonjwa, au wanamjua mtu aliyefika. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1897 kama hospitali ya Wazungu, enzi za Wajerumani. Mwaka huo huo alishuka katika bandari hii daktari mmoja mwenye umri wa miaka 53, mfupi wa maneno, mwenye miwani na ndevu, na ndani ya mizigo yake kulikuwa na hadubini. Jina lake Robert Koch. Wakati huo hakukuwa na mtafiti wa magonjwa aliyejulikana duniani kumzidi, labda Louis Pasteur tu wa Ufaransa, ambaye alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Tumeamua kuandika maisha yake kwa sababu ya ujumbe mliotutumia. Katika kipindi cha afya tuligusia kwamba wanasayansi wanatengeneza vihisi vidogo vya kutambua kemikali za ubongo zinazohusiana na furaha, huzuni na hofu. Simu zikaanza kuingia. Wengi waliuliza kipimo cha sonona kinapatikana wapi. Mmoja akauliza swali lililotukaa kichwani: kwa nini malaria inajulikana kwa tone la damu ndani ya robo saa, lakini ndugu yake aliyenyamaza miezi mitatu ameambiwa hakuna cha kupima? Jibu la swali hilo linapita kwa Koch.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi, na nyumba yao ilikuwa na watoto 13. Alisomea udaktari katika chuo cha Göttingen akamaliza mwaka 1866. Mwaka uliofuata akamwoa Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja, Gertrud. Mwaka 1872 akapewa kazi ya daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Fikiria mganga mkuu wa wilaya wa siku hizi, mwenye wagonjwa, taarifa za kuandika na safari za vijijini. Hakuwa na chuo wala maabara. Sehemu ya chumba alichoonea wagonjwa aliitenga kwa pazia, na nyuma ya pazia akaweka hadubini.

Kilichomsumbua ni kimeta. Wafugaji wetu wanakijua: ng'ombe au kondoo anaanguka ghafla, damu inatoka puani, na mtu akichuna mzoga anaweza kufa naye. Watu walijua kwamba katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta kuna vijiti vidogo mno, lakini hakuna aliyethibitisha kama vijiti hivyo ndivyo ugonjwa au vimejitokeza tu baada ya kifo. Koch alivikuza nje ya mwili wa mnyama, akavitazama vikirefuka na kutengeneza mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini muda mrefu, kisha akawachoma nazo panya wazima. Panya wakafa kwa kimeta. Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau kumwonyesha kazi hiyo profesa Ferdinand Cohn, na daktari wa wilaya asiyejulikana akawa gumzo.

Kutokana na kazi hiyo na nyingine zilizofuata yalikuja masharti ambayo hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Tuyaeleze, maana tutayarudia. Ili useme kidudu fulani ndicho kinacholeta ugonjwa fulani, lazima ukikute kwa kila mwenye ugonjwa huo na usikikute kwa mzima. Lazima uweze kukitoa na kukikuza peke yake. Ukimpa kiumbe mzima kidudu hicho, augue ugonjwa ule ule, nawe ukikute tena mwilini mwake.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 akawaonyesha madaktari wenzake bakteria wa kifua kikuu, ugonjwa ambao wengi waliuona ni wa kurithi au wa udhaifu wa mwili. Mwaka 1883 akaenda Misri na kisha India kufuatilia kipindupindu, na alipofika Calcutta akaeleza kidudu chake pamoja na jinsi maji machafu yanavyokisambaza. Maabara yake ilivuta vijana wenye akili. Mmoja, Julius Petri, alibuni kile kisahani chenye kifuniko ambacho mwanafunzi yeyote wa maabara anakijua. Mke wa msaidizi mwingine, Fanny Hesse, ndiye aliyependekeza agari, ute unaotokana na mwani, kuwa chakula cha kukuzia vijidudu. Aliutumia jikoni kwake kugandisha jamu.

Halafu akaanguka. Mwaka 1890 alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, akaificha siri ya jinsi inavyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila pembe. Dawa ile, tuberkulini, haikuponya, na baadhi ya waliochomwa walikufa. Magazeti yaliyomsifu yakamgeuka. Miaka ile ile ndoa yake ilivunjika, na mwaka 1893 akamwoa Hedwig Freiberg, msichana aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30. Berlin ilinong'ona sana juu ya ndoa hiyo.

Lakini tuberkulini haikutupwa. Ilionekana kwamba ukimdunga mtu au ng'ombe kiasi kidogo, mwili uliokwisha kukutana na kifua kikuu unajibu, kwa ngozi kuvimba au kwa homa. Kitu kilichoshindwa kuwa dawa kikawa kipimo, na kwa namna iliyoboreshwa kinatumika hadi leo. Kujua ugonjwa upo na kuuondoa ni kazi mbili tofauti. Kwa maoni yetu Koch alilipa gharama kubwa kulijifunza hilo Berlin, na bado alilisahau alipofika Ziwa Victoria, kama tutakavyoona.

Baada ya aibu hiyo alipenda safari. Mwishoni mwa 1896 alikuwa Kimberley, Afrika Kusini, akipambana na sotoka, ile tauni ya ng'ombe iliyokuwa imeteketeza mifugo ya Afrika Mashariki miaka michache kabla. Akapitia India kuangalia tauni ya watu. Kutoka huko ndipo akaja Dar es Salaam, Julai 1897.

Mji aliouona ulikuwa mdogo. Kariakoo haikuwa na jina hilo, maana limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kulikuwa na majengo ya serikali upande wa bahari, maduka ya Wahindi nyuma yake, na nyumba za udongo na makuti za Waswahili, Wazaramo na wageni wa bara. Hospitali nazo ziligawanywa kwa rangi: Wazungu walikuwa na yao, na Waafrika na Wahindi walitibiwa katika ile iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji.

Katika mji huo kila mtu alikuwa na homa. Na hilo ndilo lililokuwa tatizo, kwa sababu neno lilikuwa moja na magonjwa mengi. Ofisa wa Kijerumani akitetemeka aliitwa mgonjwa wa homa ya nchi za joto akapewa kwinini. Akiwa na kuhara na joto, kwinini. Akikojoa mkojo mweusi, kwinini zaidi. Koch hakukubali. Alimtoa kila mgonjwa tone la damu, akalipaka kwenye kioo chembamba, akalitia rangi na kulitazama kwenye hadubini. Akimwona mdudu wa malaria, ilikuwa malaria. Asipomwona, alitazama tena baadaye, na akiendelea kumkosa alitafuta jambo jingine. Alipima joto la mwili mara kadhaa kwa siku ili ajue homa inapanda na kushuka saa ngapi, na kwinini aliitoa kwa wakati uliopangwa. Kwa wale wenye mkojo mweusi aliishuku kwinini yenyewe: aliona mara nyingi ugonjwa ule ulianza baada ya mtu kuimeza ovyo.

Leo hilo linaonekana jambo la kawaida. Lakini jiulize ni mara ngapi umenunua dawa ya malaria dukani kwa sababu kichwa kinauma na viungo vinavuta, bila kuchomwa kidole.

Alikwenda pia Usambara. Milima ile ilisifika kwa hewa njema, na Wajerumani walitaka kujua kama wanaweza kuishi huko bila homa. Koch aliona kwamba watu wa juu milimani walikuwa wazima, lakini wakishuka tambarare waliugua wakirudi. Aliwauliza wanadhani chanzo ni nini, na aliandika kwamba walimtajia mdudu anayewauma kule bondeni, na kwamba jina la mdudu na jina la ugonjwa lilikuwa moja: mbu. Agosti ya mwaka huo huo wa 1897, huko India, Ronald Ross alimkuta mdudu wa malaria ndani ya tumbo la mbu, na sifa zikaenda kwake. Wakulima wa Usambara hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa wameunganisha mambo mawili ambayo vyuo vya Ulaya vilikuwa bado vinabishania.

Kutoka Kiziba, kaskazini ya Bukoba, zililetwa sampuli za ugonjwa wa matezi uliokuwa ukiua watu huko. Zilipochunguzwa, ilikuwa tauni. Na katika ng'ombe wa Dar es Salaam alifanya kosa ambalo wafugaji watalipenda. Aliona ndani ya damu yao vijidudu vidogo sana, akasema ni hatua ya ugonjwa uliokwisha kujulikana Marekani kwa jina la homa ya Texas. Miaka michache baadaye ng'ombe wa Rhodesia walikufa kwa maelfu, na mwaka 1903 akaitwa Bulawayo. Huko akatambua kwamba vile alivyoviona Dar es Salaam vilikuwa vya ugonjwa mwingine kabisa, uliofika Rhodesia pamoja na ng'ombe waliotoka pwani ya Afrika Mashariki. Ndiyo ndigana kali. Wazungu mpaka leo wanaiita homa ya pwani ya mashariki, yaani pwani hii yetu. Hadubini ilikuwa imemwonyesha kidudu sahihi tangu mwanzo, ila aliyekuwa akiangalia ndiye aliyekipa jina la kingine.

Aliondoka mwaka 1898. Njia yake ya kupima damu ilibaki, na mwaka 1901 daktari aliyefuata mafundisho yake, Ollwig, alianza kupima damu za wakazi wa Dar es Salaam mtaa kwa mtaa na kuwapa kwinini waliokutwa na malaria.

Aliporudi mapema mwaka 1905, alikuja kwa ajili ya homa nyingine, ile inayokuja siku chache, ikaondoka, halafu ikarudi. Wasafiri wa misafara walioondoka pwani kwenda bara waliiogopa sana. Wenyeji waliitupia lawama papasi, kupe laini anayejificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, akatoka usiku kunyonya damu. Koch aliwakusanya papasi kutoka vituo vya njia ya misafara, akawapasua, na ndani yao akaona vijidudu vyenye umbo la msokoto, vile vile vilivyokuwa katika damu ya wagonjwa. Kisha akaviona hata ndani ya mayai ya papasi. Yaani papasi jike humrithisha mwanawe ugonjwa, na nyumba ikishaingiwa hubaki na hatari hata kama hajalala mgonjwa ndani yake. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa mwepesi: usilale katika banda la zamani la njiani, piga hema mbali nalo.

Hakuwa peke yake katika ugunduzi huo. Uganda, Philip Ross na Arthur Milne walikuwa wameshaandika juu ya papasi mwaka 1904. Mashariki ya Kongo, Mwingereza kijana Everett Dutton alifanya kazi ile ile pamoja na John Todd, akaambukizwa homa hiyo hiyo, akafa Kasongo Februari 1905.

Desemba mwaka huo Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Miezi michache baadaye alikuwa njiani tena kuja huku. Alianzia Amani, kituo cha utafiti ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 katika Usambara ya Mashariki. Safari hii lengo lilikuwa malale.

Hapa hadithi yake inakutana na swali letu la huzuni. Malale, yanayoletwa na mbung'o, yanaanza kama homa nyingine yoyote. Kidudu kikishaingia kwenye ubongo, mtu anabadilika. Mpole anakuwa mkali. Mcheshi ananyamaza. Analala mchana na kukesha usiku, anasahau watu wake, analia au kucheka bila sababu. Jamaa wengi waliona ni kichaa au kurogwa. Lakini mwaka 1903 huko Entebbe, kazi ya Aldo Castellani na David Bruce ilionyesha kidudu cha malale ndani ya maji ya uti wa mgongo. Mabadiliko ya tabia yakapata sababu inayoonekana kwa jicho, na kuipata mapema kuliwezekana kwa kuchoma tezi zilizovimba shingoni na kutazama majimaji yake kwenye hadubini.

Mwaka 1904, katika milima ile ile ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua Lutindi kituo cha wagonjwa wa akili, cha kwanza nchini. Watu walioletwa huko hawakuwa na kidudu cha kutafuta. Tone la damu yao kwenye kioo lilifanana na la mtu mzima.

Koch hakujishughulisha na Lutindi. Alikwenda Mwanza, kisha katikati ya mwaka 1906 akahamia visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda ya Waingereza, ambako malale yalikuwa yanafuta vijiji. Katika miaka ile ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa. Aliweka kambi katika kisiwa cha Bugala. Wagonjwa walikuja kwa mitumbwi, wengine wakibebwa, mpaka ikafika siku za kuhudumia mamia kwa mamia. Dawa aliyotumia iliitwa atoxyl, na ndani yake kulikuwa na aseniki, ambayo ni sumu.

Mwanzoni ilionekana kama muujiza. Vidudu vilipotea kwenye tezi, waliokuwa hawawezi kusimama wakatembea. Kisha vidudu vikarudi. Koch akaongeza kipimo cha dawa. Wagonjwa walianza kulalamika maumivu na kizunguzungu, na macho yakafifia. Watu 22 wakapofuka moja kwa moja kabla hajarudi kwenye kipimo kidogo. Walikuwa watu waliovuka ziwa kumfuata mponyaji, na hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba walielezwa hatari na kuridhia. Ujerumani asingethubutu. Aliporudi kwao mwishoni mwa 1907 alishauri wagonjwa wakusanywe kwenye makambi ya kutengwa, na serikali ya kikoloni ikayajenga upande wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Alishauri pia mamba wauawe na mayai yao yaharibiwe, kwa kuwa aliamini mbung'o wa ziwani wanaishi kwa damu yao. Visiwa vya Sese vyenyewe Waingereza waliwahamisha watu wote miaka michache baadaye.

Kuna wanaomsifu Koch bila kuitaja Bugala, na kuna wanaomtaja kwa Bugala tu. Sisi tunaona hadubini yake na sindano yake zilitoka mkono mmoja. Alikuwa stadi wa kupata kitu kidogo kilichojificha, na kila mara alipokipata aliharakisha kuamini kwamba tiba iko karibu.

Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, ndani ya taasisi inayobeba jina lake.

Sasa turudi kwa aliyetuuliza kuhusu ndugu yake.

Katika zahanati nyingi leo malaria haitafutwi kwa hadubini. Mhudumu anachukua kile kipande cha plastiki cheupe, anadondosha damu na dawa, mnasubiri. Mstari mwekundu ukitokea kwenye C kipimo kimefanya kazi, na ukitokea pia kwenye T una malaria. Wekundu ule unatoka kwenye dhahabu. Ndiyo, dhahabu kama ya Geita, ila iko katika chembe ndogo mno, kiasi cha makumi machache tu ya nanomita. Nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita elfu kadhaa kwa makumi. Dhahabu ikiwa ndogo hivyo haing'ai njano tena, inaonekana nyekundu. Kila chembe imefungwa kinga inayonasa protini ya mdudu wa malaria; zikikusanyika nyingi mahali pamoja, jicho linaona mstari. Kwa hiyo kihisi cha nano si habari ya mbali. Huenda umeshapimwa nacho, au umempeleka mtoto akapimwa. Kina kasoro moja ya kujua: protini ile hubaki katika damu wiki kadhaa baada ya kupona, ndiyo maana mstari unaweza kutokea kwa mtu aliyekwisha kumaliza dozi.

Vihisi vya kemikali za ubongo vinafuata wazo linalofanana. Wanasayansi wanachukua uzi wa kaboni mwembamba kuliko unywele, au karatasi ya kaboni iitwayo grafini, wanaupaka chembe za dhahabu au vitu vingine vya nano, wanapitisha umeme kidogo. Dopamini, kemikali inayohusiana na hamu na furaha ya kupata jambo, ikigusa ncha hiyo inaachia umeme wake, na mashine inausoma. Serotonini, inayohusiana na usingizi, hamu ya kula na utulivu, nayo inasomeka hivyo. Chembe za nano zinasaidia kwa sababu kemikali hizi ni chache mno na eneo la kuzinasa linatakiwa liwe kubwa ndani ya ncha ndogo. Katika maabara, ndani ya ubongo wa panya, vihisi vya namna hii vinaona dopamini ikipanda na kushuka papo hapo.

Ugumu unaanza ukitaka kumpima mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati. Mwilini kuna vitamini C na asidi ya yuriki kwa wingi, na mbele ya umeme zinajibu karibu sawa na dopamini, kama watu watatu wanaoitika jina moja. Ukiutatua huo, kuna mwingine: sehemu kubwa sana ya serotonini ya mwili inatengenezwa tumboni, kwenye utumbo, na ile iliyo kwenye damu haivuki ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Tone la kidole linaweza kukueleza habari za utumbo ukadhani umesikia za kichwa.

Na hata siku kihisi kitakapokuwa sahihi kabisa, yapo yale masharti ya Koch. Kikute kwa kila mgonjwa, usikikute kwa mzima. Malaria inakaribia kupita mtihani huo kwa sababu ina mdudu wake. Malale pia. Hakuna kemikali iliyokutwa imepungua kwa kila mwenye sonona na kuwa kamili kwa kila asiye nayo. Mtu anaweza kuzama kwenye huzuni kwa msiba, kwa deni, kwa kujifungua, kwa ugonjwa wa tezi ya shingo, kwa urithi wa ukoo, au kwa mambo hayo mawili matatu pamoja, na kemikali zake zisisome kitu kimoja. Kwa hiyo ukiona kwenye simu yako tangazo la mashine au programu inayodai kupima sonona kwa kidole, weka fedha yako mfukoni.

Ndugu yetu aliyenyamaza miezi mitatu apelekwe kituo cha afya, na rufaa ikihitajika ipo mpaka hospitali za mikoa, Muhimbili, na Mirembe pale Dodoma. Mhudumu atamuuliza kama analala, kama anakula, kama kazi aliyoipenda bado anaipenda, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Asifichwe jibu la swali la mwisho. Maswali hayo ndiyo kipimo kilichopo, na yana matibabu yake ya mazungumzo na ya dawa. Kabla ya kuyauliza, huenda mhudumu akamchoma kidole kwanza, kwa kuwa malaria ikipanda kichwani nayo humbadilisha mtu akili. Mwacheni achome.